Kompyuta mpakato inapolala bila kujifunga: chanzo chake na jinsi ya kurekebisha

DAFTARI la madeni la duka la pembejeo likiachwa wazi juu ya kaunta, kila anayepita anaweza kusoma nani anadaiwa kiasi gani. Mwenye duka analijua hilo, ndiyo maana hulifunika na kulitia kwenye droo kabla ya kwenda kuswali au kupokea mzigo. Lakini daftari hilo linapohamia kwenye kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita laptopu, tahadhari hiyo husahaulika. Mwenye duka hufunika kompyuta akiamini kwamba kila kitu kimefungwa, kumbe anayekuja nyuma yake akiifunua tu, anakuta hesabu zote mbele ya macho yake bila kuulizwa neno la siri.

Tatizo hili linaweza kumpata mwenye duka, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, wakala wa fedha kwa simu na hata msimamizi wa ghala la mazao. Habari njema ni kwamba mara nyingi si ubovu wa mashine. Ni mpangilio uliowekwa vibaya, na mwenye kompyuta anaweza kuurekebisha mwenyewe kwa dakika chache bila kumlipa fundi hata senti moja.

Hasara inaanzia wapi

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha msingi kinachokusanya korosho au kahawa. Ndani ya kompyuta yake mna majina ya wakulima, kilo alizoleta kila mmoja, makato ya pembejeo, pamoja na namba za akaunti na za simu za kulipia. Katibu anaitwa nje kuangalia mzani. Mtu akiingia, akafunua kompyuta na kufuta tarakimu moja tu, deni la Sh180,000 linageuka kuwa Sh80,000. Kilo 640 zinageuka kuwa 64. Hakuna kitasa kilichovunjwa wala dirisha lililopasuliwa. Siku ya malipo mkulima na katibu watabaki kutazamana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye mwizi.

Kwa mfanyabiashara, hatari haiishii kwenye hesabu. Wengi huacha barua pepe na WhatsApp zikiwa wazi kwenye kompyuta. Mtu akikaa hapo dakika tatu, anaweza kumwandikia mteja kwa jina la mwenye duka na kumwomba atume malipo ya mzigo kwenye namba nyingine. Mteja hana sababu ya kushuku, kwa kuwa ujumbe umetoka mahali alipozoea.

Aidha, lipo suala la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Majina na namba za simu za wakulima 200 ni taarifa za watu, hata kama zimehifadhiwa kwenye kompyuta moja kuukuu iliyo kwenye meza ya mbao.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kabla ya kutafuta dawa, ni vizuri kutofautisha mambo matatu ambayo kwa macho yanafanana.

La kwanza ni kioo kuzimika. Hapa kompyuta inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila kioo tu ndicho kimekuwa cheusi ili kuokoa umeme. Ukigusa kibodi, kioo kinawaka na unakuta kazi yako palepale.

La pili ni kompyuta kulala. Hapa shughuli nyingi zinasimama, feni inatulia, na kazi uliyokuwa ukiifanya inashikiliwa kwenye kumbukumbu ya muda inayohitaji umeme kidogo kutoka kwenye betri. Kompyuta ikiamka, unaendelea pale ulipoachia.

La tatu ni kompyuta kujifunga. Hili ndilo linalomzuia mtu asiingie mpaka aandike neno la siri, namba ya siri au aweke kidole.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba la kwanza na la pili huleta la tatu lenyewe. Si lazima iwe hivyo. Kompyuta inaweza kulala usiku kucha na kuamka bila kuuliza chochote, kwa sababu kulala ni mpangilio mmoja na kujifunga ni mwingine. Vile vile, kuna kompyuta ambazo kioo kikizimika hazijilali wala hazijifungi.

Jaribio la dakika mbili

Hifadhi kazi yako, kisha fungua muziki wowote kwenye kompyuta na ufunike kifuniko. Sikiliza kwa dakika moja. Kama muziki unaendelea, basi katika kompyuta nyingi hiyo ni dalili kwamba haijalala, imezima kioo tu. Kama muziki umekatika na feni imenyamaza, imelala. Baadhi ya kompyuta pia huonyesha taa ndogo inayowaka na kufifia polepole zikiwa zimelala.

Sasa funua kifuniko. Kama ililala na imeamka bila kuuliza neno la siri, tatizo liko kwenye mpangilio wa kujifunga. Kama haikulala kabisa, tatizo liko kwenye mpangilio wa kifuniko au kifuniko chenyewe.

Halafu fanya jaribio la pili. Shika kitufe chenye alama ya dirisha kilicho upande wa chini kushoto wa kibodi, na ukiwa umekishika bonyeza herufi L. Kompyuta inayotumia Windows inapaswa kujifunga papo hapo. Kama imejifunga lakini inafunguka kwa kubonyeza tu bila kuandika chochote, maana yake akaunti yako haina neno la siri. Hapo umeshapata jibu, kwa kuwa kufuli lisilo na ufunguo halimzuii mtu.

Akaunti isiyo na neno la siri

Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa zikiwa zimefutwa na kuwekewa akaunti mpya isiyo na neno la siri, ili mnunuzi aijaribu kwa urahisi. Mnunuzi huichukua hivyo hivyo na kuanza kazi.

Kurekebisha, bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na herufi I ili kufungua sehemu ya mipangilio iliyoandikwa "Settings". Ingia palipoandikwa "Accounts", kisha "Sign-in options". Hapo utaona nafasi ya kuweka neno la siri, na baada yake namba ya siri ambayo kompyuta huiita "PIN". Chagua neno refu unaloweza kulikumbuka, kwa mfano maneno matatu yasiyohusiana. Usitumie jina la duka, mwaka wa kuzaliwa wala namba yako ya simu, kwani hizo ndizo anazojaribu kwanza mtu anayekufahamu.

Neno la siri lipo, lakini haliulizwi

Ukiwa hapo hapo kwenye "Sign-in options", tafuta swali linalohusu ni wakati gani Windows idai uingie upya ukiwa umeondoka. Mbele yake pana kijisanduku cha kuchagua. Kama pameandikwa "Never", yaani isiulize kamwe, hicho ndicho chanzo. Badilisha iwe pale kompyuta inapoamka kutoka usingizini. Katika baadhi ya kompyuta za kisasa utakuta machaguo ya muda: kila mara, baada ya dakika 1, 3, 5 au 15. Kwa kompyuta inayokaa kwenye kaunta ya duka, chagua "Every time", yaani kila mara.

Chaguo hili la muda huwachanganya wengi. Mtu ameweka dakika 15, anafunika kompyuta na kuifunua baada ya dakika mbili ili kujaribu, anaona haiulizi kitu, anahitimisha kwamba imeharibika. Haijaharibika. Inatii kile ilichoambiwa. Lakini katika dakika hizo 15 mtu mwingine pia anaweza kuingia.

Kompyuta haijalala kabisa

Sababu nyingine ni mpangilio wa kifuniko. Windows humruhusu mtumiaji kuchagua kifanyike nini kifuniko kinapofungwa: kompyuta ilale, ijizime, ihifadhi kazi kwenye diski na kuzimika, au isifanye chochote. Chaguo hili la mwisho, linaloitwa "Do nothing", huwekwa na wanaotaka kazi ya kuchapa au kupakua iendelee wakati kompyuta imefunikwa. Baada ya kazi hiyo, hakuna anayekumbuka kurudisha. Tangu siku hiyo kompyuta ikifunikwa inazima kioo tu, na kwa kuwa haijalala, haina sababu ya kuuliza neno la siri.

Ili kurekebisha, andika "lid" kwenye sehemu ya kutafutia iliyo chini ya kioo, na uchague maneno yanayohusu kifuniko. Utakuta safu mbili, moja ya wakati kompyuta inatumia betri na nyingine ya wakati imechomekwa kwenye umeme. Hakikisha zote mbili zimewekwa "Sleep". Wengine hurekebisha safu moja wakasahau ya pili, na matokeo yake kompyuta hujifunga ikiwa kwenye betri, lakini haijifungi ikiwa kwenye chaji. Ikiwa kompyuta yako inafanya hivyo, usihangaike na jambo jingine kabla ya kutazama hapa.

Kifuniko chenyewe kinaweza kuwa na hitilafu

Katika laptopu nyingi, ndani ya ukingo wa kifuniko mna kisumaku kidogo, na kwenye sehemu ya kibodi mna kihisi kinachotambua sumaku hiyo inapokaribia. Hivyo ndivyo kompyuta inavyojua kwamba imefunikwa. Kioo kikiwa kimebadilishwa na kisumaku kisirudishwe, au bawaba zikiwa zimelegea kiasi kwamba kifuniko hakikai mahali pake, kompyuta haitajua.

Ili kuhakikisha, ilaze kwa kutumia kitufe cha kuzimia kilicho kwenye menyu ya Windows, ukichagua "Sleep". Kama kwa njia hiyo inalala na ikiamka inauliza neno la siri, na mpangilio wa kifuniko umeshaukagua, basi hitilafu iko kwenye kihisi au kisumaku. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Hata hivyo, huna haja ya kusubiri. Endelea kutumia kitufe cha dirisha na herufi L kila unapoinuka.

Kihisi hicho pia kinaweza kuleta kituko cha upande wa pili. Simu yenye kava la sumaku ikiwekwa juu ya kibodi, au laptopu moja ikiwekwa juu ya nyingine, kompyuta inaweza kudhani imefunikwa na kulala ghafla ukiwa katikati ya kazi. Ondoa sumaku kwanza kabla ya kumwita fundi.

Iliyotoka ofisini kwa watu

Baadhi ya laptopu za mtumba zilitumika katika makampuni ya Ulaya na kwingineko. Kampuni huweka kanuni zake ndani ya mashine, na zikiondolewa vibaya mnunuzi hukuta baadhi ya mipangilio imefifia na haibonyezeki, pakiwa na maandishi kwamba mipangilio hiyo inasimamiwa na taasisi. Mtu anaweza kubonyeza siku nzima bila mafanikio.

Dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya kuanzia mwanzo, baada ya kunakili kazi zako kwenye diski ya nje. Kama baada ya hapo kompyuta bado inadai barua pepe ya kampuni fulani, basi bado imesajiliwa huko na ni bora kuirudisha kwa muuzaji. Kwa hiyo, unaponunua, ingia kwenye mipangilio ukiwa bado dukani, funika kompyuta, ifunue na uone inafanya nini. Usiridhike na kuona kioo kinawaka tu.

Vile vile, uliza ina Windows gani. Windows 7 iliacha kupata huduma ya marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma hiyo Oktoba 14, 2025. Kufuli la kioo litafanya kazi hata kwenye Windows ya zamani, ila milango mingine itabaki bila wa kuiziba.

Wasiotumia Windows

Kwa wenye kompyuta za Apple zenye mfumo wa kuanzia mwaka 2022, ingia kwenye mipangilio, kisha "Lock Screen", na pale panapohusu kudai neno la siri baada ya kioo kuzimika chagua "Immediately", yaani papo hapo.

Wanaotumia Ubuntu, mfumo wa bure unaofaa pia kwa kompyuta nyingi kuukuu, waingie kwenye mipangilio ya faragha, wafungue sehemu ya kufunga kioo, na kuwasha machaguo mawili: kioo kujifunga chenyewe na kioo kujifunga kompyuta inapolala.

Inapojifunga kupita kiasi

Wapo wanaolalamika kinyume chake. Mteja mmoja anaondoka, mwingine hajafika, na tayari kompyuta imejifunga. Mwenye duka anachoka kuandika neno refu mara thelathini kwa siku, mwisho anaamua kuondoa kufuli lote. Huo si uamuzi mzuri, ingawa kero yake inaeleweka.

Kuna njia tatu za kupunguza usumbufu. Kwanza, tumia namba ya siri au alama ya kidole badala ya neno refu. Namba hiyo ya Windows hufanya kazi kwenye kompyuta hiyo moja tu, hivyo mtu akiijua hawezi kuitumia kuingia kwenye akaunti yako kutoka mashine nyingine. Pili, ongeza muda kabla kompyuta haijalala inapokuwa kwenye umeme, huku ukijizoeza kuifunga mwenyewe unapoinuka. Tatu, kama unaitumia pamoja na msaidizi wako, mfungulie akaunti yake mwenyewe. Msipotumia neno moja la siri, kila mmoja ataingia kwa jina lake, na makosa yakitokea ni rahisi zaidi kujua pa kuanzia kuuliza. Kuandika neno la siri kwenye karatasi na kulibandika chini ya kioo ni sawa na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Inapolala na kukataa kuamka

Wakati mwingine kompyuta inafunuliwa, taa zinawaka lakini kioo kinabaki cheusi. Usikimbilie kuizima. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha dirisha, Ctrl, Shift na herufi B. Hatua hiyo huanzisha upya programu inayoendesha kioo, na mara nyingine picha hurudi bila kupoteza kazi. Ikishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa takribani sekunde 10 mpaka izimike, kisha iwashe upya. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea. Likijirudia mara kwa mara, weka toleo jipya la programu ya kioo kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta yako.

Hapa betri nayo ina sehemu yake. Kwa kuwa kompyuta iliyolala inahitaji umeme kidogo ili kushikilia kazi, yenye betri iliyochoka itapoteza kila kitu umeme wa ukutani ukikatika. Mwenye duka anayefunga saa 12 jioni na kuacha kompyuta imelala, asubuhi anaweza kukuta hesabu za mchana mzima hazipo. Kwa sehemu zenye umeme wa kukatika-katika, ni salama zaidi kuhifadhi kazi na kuzima kabisa, au kutumia chaguo la "Hibernate" ambalo huandika kila kitu kwenye diski kabla ya kuzimika na hivyo halitegemei betri.

Mipaka ya kufuli hili

Ni vizuri pia kujua kufuli la kioo haliwezi kufanya nini. Linamzuia anayepita, kijana mdadisi na mteja mwenye nia mbaya. Halimzuii mwizi aliyeondoka na kompyuta yenyewe, kwani anaweza kuchomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Kinga ya hilo ni kuifumba diski kwa mfumo wa siri, unaopatikana ndani ya Windows kwa jina la BitLocker au "Device encryption" kutegemea toleo. Ukiwasha mfumo huo, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi na uuhifadhi mbali na kompyuta. Ukiupoteza na kompyuta ikaudai, hata wewe mwenyewe hutaweza kufungua kazi zako.

Na juu ya yote, nakala. Kila jioni au angalau kila wiki, nakili faili la hesabu kwenye diski ya nje na uitunze mahali pengine. Kwa chama cha ushirika, ni busara mjumbe mwingine wa bodi awe na nakala yake. Siku tarakimu ikibadilika kwa siri, nakala ya wiki iliyopita ndiyo itakayoonyesha ukweli na kumwokoa katibu asiye na hatia.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kufunga duka, ifunike kompyuta yako, hesabu mpaka sitini, kisha uifunue. Ikikuuliza wewe ni nani, iko sawa. Isipouliza, rudi kwenye hatua zilizoelezwa hapa na uzifuate moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haihitaji fedha, na itakuchukua muda mfupi kuliko ule utakaoutumia kumweleza mkulima kilo zake zimekwenda wapi.